Je, ninunue mashine kuukuu ya kukereza chuma, ya fezi tatu, kwa karakana ya nyumbani?

Swali: "Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba yangu Mukono. Ninachomelea mageti na kutengeneza mashine za kusaga mahindi. Kila shafti, kila puli na kila bushi napeleka Katwe, Kampala, kukerezwa, na nauli pamoja na kungoja vinanimaliza. Sasa nimepata mashine kuukuu ya kukereza, ya Kiingereza, urefu wa senta inchi sita na nusu, imepakwa rangi mpya. Muuzaji anasema chuma cha zamani hakiishi. Rafiki yangu fundi anasema kitanda chake kimelika upande wa chaki (chaki ya kubania chuma, si ile ya ubaoni), kwa hiyo ni chuma chakavu tu, afadhali ninunue ile ndogo mpya ya Kichina inayokaa mezani na kutumia umeme wa kawaida. Kubwa ni fezi tatu, nyumbani nina fezi moja. Bei yake ni kama mara mbili ya ile ndogo. Nifanyeje nisiuziwe mbuzi kwenye gunia?"

Jibu:

Ndugu yangu, muuzaji anakutuliza kwa maneno yasiyopimika, na rafiki yako anakutisha kwa jambo la kweli ambalo hajalipima. Kati yao wawili, hakuna aliyeitia mashine hiyo chuma ikakata mbele yako. Hilo ndilo litakaloamua, na nitakueleza namna ya kulifanya. Kwanza tuiondoe ile ndogo mezani, kwa sababu kazi yako mwenyewe imeshaikataa.

Mashine ya kusaga mahindi kwa kawaida ina shafti ya milimita 40 hadi 50, na puli za inchi 4 kupanda hadi 8 au 10. Ile ya Kichina ya mezani, inayouzwa kwa vipimo vya milimita 180 kwa 350, hupitisha kipande cha kipenyo cha 180 juu ya kitanda (zile reli ndefu za mashine) tu. Juu ya kigari, kile kinachobeba kisu na kuteleza juu ya reli, hubaki kama 110. Tundu la spindeli yake (mhimili unaoizungusha chaki) ni milimita 20, basi shafti ya 40 haiwezi kupenyezwa nyuma ili ukereze ncha yake. Uzito wake ni kama kilo 40 na gia zake nyingi ni za plastiki. Kwenye chuma laini utatoa nusu milimita kwa kila mpito. Ukiilazimisha zaidi itatetemeka na kukuachia uso wa mawimbi. Si mashine mbaya. Anayetengeneza vipuri vya cherehani au bushi ndogo za bodaboda atafurahi nayo. Wewe utaendelea kupanda teksi kwenda Katwe, huku una mashine nyumbani.

Ile ya inchi sita na nusu, yaani milimita 165 kutoka katikati ya spindeli hadi kitanda, inazungusha kipande cha milimita 330. Puli yako ya inchi 10 ni milimita 254, inapita juu ya kitanda. Pima mwenyewe tundu la spindeli kwa kalipa: likizidi unene wa shafti zako umepata mashine ya maana, likiwa chini ya 40, ujue shafti zako zote zitafanyiwa kazi kati ya senta mbili (ncha zinazoishika shafti huku na huku), jambo linalowezekana ila linachelewesha.

Sasa kitanda. Rafiki yako amepata mahali sahihi. Karibu kila mashine ya zamani hulika zaidi kwenye zile sentimita 15 hadi 30 zilizo mbele ya chaki. Kazi nyingi ni fupi, kwa hiyo kigari hukaa hapo miaka na miaka, na taka za chuma hudondoka papo hapo na kuchanganyika na mafuta. Ambacho hakukuambia ni kiasi gani, na upande upi.

Kisu kikishuka wima peke yake, kipenyo hakibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Chukua kipande cha milimita 50: kisu kikishuka 0.1 mm, kipenyo huongezeka kwa chini ya elfu moja ya milimita, na huna kifaa cha kuliona hilo. Balaa huja reli ya mbele, ile iliyo upande wako unaposimama, inapolika kuliko reli ya nyuma. Hapo kigari huinama kukuelekea, na kwa kuwa kisu kiko juu sana ya reli, kule kuinama kidogo kunakirudisha nyuma kwa mwendo mkubwa. Tuseme reli mbili ziko umbali wa milimita 200, senta iko 165 juu yake, na reli ya mbele imelika 0.1 mm. Kisu kitajivuta nyuma kama 0.08 mm, na kipenyo kitanenepa 0.16 mm. Kulika kulekule, lakini tofauti ni kubwa mno. Ndiyo maana kuangalia kitanda kwa macho hakutoshi, na ndiyo maana mashine yenye mikwaruzo ya kutisha inaweza kukata vizuri kuliko iliyong'arishwa.

Macho yana kazi yake lakini. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, futa reli zote, kisha pitisha ukucha kutoka mahali kigari kisipofika, chini kabisa ya chaki, kuja mahali kinapofanyia kazi. Pale chini ya chaki bado kuna uso wa kiwandani. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, kumelika kwa wingi. Halafu kisogeze kigari karibu na chaki, kaza kifungo chake kiasi cha kuhisi uzito kidogo tu, kisha zungusha gurudumu ukipeleke hadi mwisho wa nyuma. Kikianza kuwa kizito au kikakwama kabisa, unajua kuwa kule nyuma reli bado ni nene na huku mbele zimekwisha. Muuzaji mjanja hulegeza vibanio vya kigari ili kipite laini popote. Kwa hiyo kabla ya jaribio hili kishike kigari kwa mikono miwili ukitikise. Kikicheza, mwombe akaze.

Kipimo chenyewe ni cha kukata. Nenda na fimbo ya chuma laini ya milimita 40, urefu kama 220, na kisu cha chuma cha kasi (HSS) kilichonolewa vizuri. Cha kabaidi hakipendi mpito mwembamba kwenye mashine usiyoijua. Beba pia maikromita ya 25 hadi 50. Bana fimbo kwenye chaki itokeze milimita 150, bila kuishikilia na senta ya nyuma. Punguza katikati yake ili ubakize pete tatu zilizoinuka, kila moja upana wa milimita 15: moja karibu na chaki, moja katikati, moja mwishoni. Kisha pitisha kisu mara moja juu ya zote tatu, kina cha 0.1 mm, kwa mwendo wa kigari wenyewe, bila kugusa gurudumu lolote la kisu. Pima pete tatu. Usitumie fimbo nyembamba ya milimita 20 kwa kuona huruma ya chuma; hiyo itapinda ikimkimbia kisu, na ncha itatoka nene hata kama mashine ni mpya.

Namba tatu zikitofautiana kwa 0.02 mm au chini, umeokota. Zikifika 0.05, usikimbie. Fikiri kiti cha beringi ya 6308, ambayo tundu lake ni 40 na upana wake 23. Mteremko wa 0.05 katika milimita 150 ni chini ya 0.008 ndani ya upana wa beringi hiyo, wakati kipimo cha kawaida cha kuibana kinakupa nafasi ya kati ya 0.002 na 0.018 juu ya 40. Bado unaingia. Ukiona 0.1 na kuendelea, soma namba zinavyopangana kabla ya kuamua. Mteremko ulio sawa kutoka pete ya kwanza hadi ya tatu mara nyingi ni msokoto: mashine imesimama kwenye sakafu isiyo sawa uani kwa muuzaji na kitanda kimejinyonga. Huo unaondoka kwa kuweka vibati chini ya miguu. Lakini pete ya katikati na ya mwishoni zikilingana, na ile ya karibu na chaki peke yake ikawa nene, hiyo ni reli ya mbele iliyolika, na dawa yake ni kusagwa upya kitanda chote kwenye mashine kubwa ya kusagia. Gharama yake, ukiongeza kubeba kwenda na kurudi, mara nyingi haiendani na thamani ya mashine ya nyumbani.

Spindeli inanitia wasiwasi kuliko kitanda. Kitanda kibovu kidogo unaweza kuishi nacho kwa kupima mara mbili na kumalizia kwa msasa. Beringi mbovu za spindeli zinaharibu kila unachokata, na kwa baadhi ya mashine za zamani za Kiingereza beringi hizo ni za kipimo maalumu, bei yake ikakutoa jasho. Toa chaki. Weka saa ya kupimia, yaani kipimo chenye mshale na kitako cha sumaku, iguse pua ya spindeli, zungusha kwa mkono taratibu. Ikitembea 0.01 mm ni safi, 0.03 ni swali. Rudisha chaki, bana gongo la chuma lenye urefu wa nusu mita, weka saa juu ya mwili wa chaki, halafu inua gongo kwa nguvu kama unayeinua gunia la kilo 20. Mshale ukirukia zaidi ya 0.03 na kurudi unapoachilia, kuna mchezo. Wakati mwingine ni nati ya nyuma tu inayotaka kukazwa. Mwambie muuzaji aikaze, kisha iendeshe kwa kasi ya juu dakika 15 na uweke kiganja juu ya kichwa cha mashine. Joto unaloweza kulivumilia ni la kawaida. Likikufanya uondoe mkono, ile nati imekazwa kuficha beringi iliyokufa.

Usichanganye hilo na chaki. Watu wengi huweka saa kwenye fimbo iliyobanwa na chaki ya taya tatu, wakiona 0.08 wanasema spindeli imepinda. Chaki ya taya tatu iliyotumika hupepesuka hivyo, na hata mpya haiahidi sifuri. Ndiyo sababu watu hununua ya taya nne. Ukiwa hapo, angalia taya zina namba 1, 2 na 3 zilizogongwa, zinazolingana na namba za matundu yake, na kwamba seti ya pili ya kubania kwa nje ipo. Taya za chaki nyingine hazitaingia hata zikifanana kama mapacha.

Kuhusu magurudumu yenye namba: ukirudisha kisu nyuma utasikia mkono unazunguka bure kabla kisu hakijasogea. Huo ni mchezo wa skrubu na nati, na wanunuzi hushtuka nao kuliko inavyostahili. 0.2 mm ni kawaida, hata 0.5 si kesi, mradi uzoee kukaribia kipimo kutoka upande mmoja tu. Nati ya shaba ya kitelezi ni kazi ya siku moja Katwe.

Gia ndizo za kuhesabu jino kwa jino. Fungua mfuniko wa ubavuni ukiwa umezima umeme, mulika kwa tochi, zungusha kwa mkono. Jino moja lililokatika kwenye gia ya nje unaweza kulijaza na kulichonga upya. Lililokatika ndani ya kichwa ni kufumua mashine nzima. Jaribu kila kasi na kila mwendo wa kigari. Kusaga kwa sauti kwenye gia moja na kimya kwenye nyingine zote kunakuonyesha ilipo shida. Fungua kizibo cha mafuta: yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mashine ilikaa nje mvua ya msimu mzima au zaidi. Pitisha vidole chini ya kitanda na kwenye miguu kutafuta ufa uliojazwa shaba. Chuma cha kumimina hakisamehe kuanguka, na rangi mpya imezoea kufunika mambo kama hayo.

Usisahau kuuliza gia za kubadilisha za kukatia nyuzi. Mashine ya Kiingereza ya umri huo kwa kawaida skrubu yake ndefu, ile inayovuta kigari wakati wa kukata nyuzi, ni ya inchi. Kwako hiyo ina faida ambayo wengi hawaioni: mabomba yetu ya maji bado ni ya inchi, nusu inchi na robo tatu zina nyuzi 14 kwa inchi, inchi moja na kuendelea zina 11. Boliti za pikipiki na mashine za leo ni za milimita, na hapo unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni milimita 25.4, na 127 ukigawanya kwa 5 unapata hiyo 25.4 bila kubaki kitu. Kama gia hiyo haipo, bei ishuke. Nati ya kufumba inayoshika skrubu ndefu nayo ijaribu: ifunge, sukuma kigari mbele na nyuma kwa mkono. Ikiruka meno, haitakata uzi wowote.

Umeme. Hapa hofu yako ni kubwa kuliko tatizo, ila tatizo lina kona moja kali. Una 240 V kati ya fezi na nyutro. Mashine ya fezi tatu ilitengenezwa kwa 415 V kati ya fezi na fezi. Angalia nguzo iliyo karibu nawe. Ikiwa ina nyaya nne za chini, fezi tatu zinapita mlangoni pako na unaweza kuomba UEDCL, shirika la kusambaza umeme, walioshika mtandao tangu tarehe 1 Aprili 2025, wakubadilishie huduma na mita ya Yaka. Ikiwa ni nyaya mbili tu, usingoje, kwa sababu kuvuta laini kutagharimu kuliko mashine.

Njia inayowafaa wengi ni kibadilishi cha masafa, ambacho madukani wanakiita VFD. Wengine wanakiita invata, jina ambalo linawapoteza watu hadi wakanunua invata ya sola. Hicho ni kitu kingine kabisa. VFD inachukua fezi moja ya 240 V na kutoa fezi tatu. Lakini kona ni hii: inatoa tatu za 240, haitoi 415. Kwa hiyo soma kibati cha mota kabla hujalipa hata shilingi. Kikiandikwa 240/415 pamoja na alama ya pembetatu na nyota, umeshinda: fungua kisanduku cha mota, utakuta ncha sita, hamisha vibati vya shaba kutoka nyota kwenda pembetatu, mota itakubali 240. Kikiandikwa 415 peke yake na ncha zikawa tatu, kiungo cha nyota kimefungiwa ndani ya waya zenyewe. Fundi wa kusuka mota anaweza kukifuata na kukitoa nje akiwa mvumilivu. Kama ni mota ya kasi mbili, hilo halitafanyika, na jibu fupi ni kuibadilisha mota.

Mota ya fezi moja yenye kapasita ndiyo njia ya bei nafuu, na itafanya kazi. Ina kasoro mbili: inapoanza inavuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida, taa za jirani zikapepesa; na mtetemo wake huacha mistari hafifu kwenye uso wa kipande chako. Kwa puli haidhuru. Kwa kiti cha sili ya mafuta utaichukia.

Ukichagua VFD kwa mota ya 2.2 kW, iwe imeandikwa waziwazi kuwa inapokea fezi moja kwa nguvu hiyo. Kwenye kuingia inaweza kuvuta ampea zaidi ya 20, basi ipewe saketi yake peke yake ya waya wa milimita mraba 4 na breka ya 32 A, na waya wa ardhi wa kweli unaofika kwenye fimbo ya ardhi. Mota iunganishwe moja kwa moja na VFD. Zile swichi kubwa za zamani za mashine zisibaki katikati, kwa maana kukata umeme kati ya VFD na mota inayozunguka kunaua VFD. Wenzo wa mashine upelekwe kwenye vituo vidogo vya amri vya VFD. Usishushe masafa chini ya 20 au 25 Hz kwa kazi nzito: feni ya mota inazunguka polepole, mota inachemka, na nguvu imepungua. Tumia gia za mashine kupata mwendo wa taratibu, ndiyo kazi yake. Na ukifungua VFD baada ya kuzima, ngoja dakika 10, kapasita zake bado zina umeme wa kuua.

Kabla ya yote hayo, pima volti zako saa moja hadi saa nne usiku kwa siku kadhaa. Mahali ambapo volti zinashuka sana wakati watu wanapika na kuwasha taa, VFD itajizima yenyewe kila mara na utaidhania mbovu. Kazi hii ya saketi na ardhi mpe fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme. Hapa sikushauri ujifunzie mwenyewe.

Mashine ya ukubwa huo ina kilo 600 hadi 800, na karibu uzito wote uko upande wa kichwa, juu. Inaanguka kirahisi kuliko unavyodhani. Kodisha lori lenye kreni. Kabla ya kuinua, peleka kigari na kichwa cha nyuma hadi mwisho wa kitanda ili uzito usawazike, funga vyote, pitisha mikanda chini ya kitanda na uweke vibao ili isiminye skrubu ndefu. Kamwe isiinuliwe kwa spindeli. Sakafu iwe ya zege la milimita 150. Udongo ulioshindiliwa na saruji nyembamba juu yake utazama upande mmoja, na ule msokoto tuliousema utakufuata nyumbani.

Unachomelea, kwa hiyo nisikilize hapa kwa makini. Mashine isikae chumba kimoja na grainda bila ukuta au pazia zito. Vumbi la jiwe la kusagia likichanganyika na mafuta kwenye reli ni dawa ya kusagia kitanda. Usichomelee kipande kilicho kwenye chaki ukiwa umebana waya wa ardhi kwenye kitanda. Umeme wa kuchomelea unapita ndani ya beringi za spindeli na kuzitoboa vitundu. Na oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi huimwagia reli kwa kuwa ni ya bure, imejaa masizi na chembe za chuma. Tumia mafuta mapya ya namba 68 kwa reli, na 32 ndani ya kichwa kama kibati cha mashine hakisemi vingine.

Kuhusu fedha, bei anayokutajia si bei utakayolipa. Tenga kama theluthi ya ziada kwa VFD au mota, kubeba, kishika kisu, visu, senta inayozunguka, chaki ya kutobolea, saa na maikromita. Mashine inayokuja na chaki zote mbili, sahani ya uso, vishikilio vya shafti ndefu na gia zake zote inaweza kuwa rahisi kuliko iliyopungua bei ila iko uchi. Omba risiti na karatasi za alikoitoa. Mashine nyingi nzuri zilitoka vyuoni na viwandani kwa mnada; ukikuta namba ya taasisi imechongwa kwenye mwili wake na hakuna karatasi ya mnada, iache.

Na usalama, maneno machache: usivae glavu, wala mikono mirefu iliyolegea, wala kitambaa kinachoning'inia shingoni. Ufunguo wa chaki usitoke mkononi mwako hadi uko mezani. Kama chaki ya mashine hii inafungwa kwa nyuzi kwenye spindeli, usiiwekee VFD breki ya ghafla wala usikate kwa kurudi nyuma, itajifungua ikiwa inazunguka. Karakana ya nyumbani ina watoto, basi swichi kuu iwe na kufuli.

Uamuzi wangu ni huu. Ikiwa spindeli imepita, gia ni kamili, pete tatu hazizidi 0.05, na mota ina ncha sita au bei imeshuka kulipia mota nyingine, inunue, na usiijutie ile ndogo. Spindeli ikishindwa, ondoka hata kama bei ni nusu. Muuzaji akisema leo hakuna umeme wa kuiwasha, mwambie utarudi siku ambayo upo, na ufike bila kumpigia simu mapema ili uikute mashine baridi. Ikiwa hujawahi kushika saa ya kupimia, lipia nusu siku ya mkerezaji anayekata shafti zako huko Katwe aende nawe. Si yule aliyekuunganisha na muuzaji.

Ukishaifikisha Mukono na kuiweka, kata tena zile pete tatu, rekebisha vibati chini ya miguu ya upande wa nyuma hadi namba zikaribiane, kisha kaza boliti. Rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu zege jipya na vibati hutulia chini ya uzito, na namba ulizopata siku ya kwanza hazitakuwa zilezile.